Tochi ya Miguu na Tochi ya Mbali

Anayekwenda dukani kutafuta tochi ya lindo, awe mkulima anayekesha dunguni kulinda mahindi, mfugaji mwenye zizi pembezoni mwa hifadhi au mlinzi wa geti, kwa kawaida huomba ile iliyo kali kuliko zote. Muuzaji anaiwasha, anaielekeza kwenye paa la ng'ambo ya barabara, paa linang'aa mchana kweupe, na biashara imekwisha. Tochi hiyo inaweza kuwa nzima na imara, na bado mnunuzi akawa ameondoka na nusu tu ya alichokihitaji. Mwanga wa tochi una sifa mbili zinazogombania betri moja: kuenea na kufika. Unaoenea sana haufiki mbali, na unaofika mbali hauenei. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtu wa lindo anahitaji tochi mbili za kiasi zilizochaguliwa kusaidiana, na kwamba zitamfaa kuliko tochi moja kubwa ya bei ile ile. Nasema pia, na hapa najua wengi watanipinga, kwamba kati ya hizo mbili ile ya kumulika karibu ndiyo inayopaswa kununuliwa kwanza.

Tuanze na vipimo, kwa kuwa vimeandikwa kwenye boksi na watu wengi huvipita. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye tochi, bila kujali umeelekea wapi. Kandela hupima jinsi mwanga huo ulivyobanwa kwenda upande mmoja. Luksi hupima mwanga unaokiangukia kitu kinachomulikwa. Sasa chukua tochi ya lumeni 100 tu, kiwango ambacho siku hizi ni kidogo hata kwa tochi ya mfukoni, na utandaze mwanga wake sawasawa katika pembe ya nyuzi 90. Unapata kandela zisizozidi 55. Mita 5 mbele yako duara la mwanga lina upana wa mita 10: unaiona njia nzima, nyasi za pande zote mbili, mtaro, na mzizi uliochomoza. Kisha zibane lumeni zile zile 100 katika pembe ya nyuzi 10. Kandela zinapanda hadi 4,000 na ushei, na mwale ambao ungeishia mita 15 sasa unafika karibu mita 130. Betri ni ile ile na umeme ni ule ule. Lakini pale pale mita 5 mbele yako, duara limebaki na upana usiotimia hata mita moja, na mtaro uliokuwa ukiuona umerudi gizani. Umbali wote ulioupata umeulipia kwa upana ulioupoteza.

Watu wa majini waliuelewa mgawanyo huu zamani. Mwaka 1823 Mfaransa Augustin Fresnel alifunga lenzi yake katika mnara wa taa wa Cordouan, kwenye mlango wa mto Gironde, na mwanga ukaonekana mbali sana baharini kuliko ule wa mitambo iliyotangulia. Siri haikuwa kuwasha moto mkubwa zaidi. Fresnel aliukusanya mwanga uliokuwa ukipotelea juu na chini akauelekeza kwenye upeo wa macho, mahali meli zilipo. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria alitaka kinyume chake kabisa. Karabai lake lilitandaza mwanga juu ya maji usiku usio na mwezi ili kuwavuta dagaa kuzunguka mtumbwi, na leo taa za LED zinazochukua nafasi ya karabai zinafanya kazi ile ile ya kutandaza. Kila taa ilitengenezwa kwa kazi yake. Ni tochi ya mkononi tu ambayo tumezoea kuitaka ifanye zote mbili.

Tangu 2009 kuna kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, ambacho watengenezaji wengi makini hukifuata wanapoandika sifa za tochi zao. Kwa kiwango hicho, umbali wa mwale huhesabiwa hadi pale mwanga unapopungua kufikia robo ya luksi, yaani takriban mwanga wa mwezi mpevu katika usiku usio na mawingu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 zinakupa mita 200. Kandela 40,000 zinakupa mita 400. Ona gharama yake: ili umbali uongezeke mara mbili, kandela lazima ziongezeke mara nne, kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Tena mwanga wa mwezi unatosha kukuonyesha kwamba kuna kitu kimesimama kule; mara nyingi hautoshi kukuambia kama ni ng'ombe wa jirani au ni nyati. Kwa hiyo mita zilizoandikwa kwenye boksi zigawe kwa mbili. Katika nusu ya umbali huo kitu kinapata luksi nzima, mara nne ya mwanga wa mwezi, na hapo ndipo jicho linapoanza kutambua. Tochi ya mita 400 ihesabu kuwa ni ya mita 200, nawe hutajuta.

Kwa nini basi ya karibu itangulie? Kwa sababu madhara mengi ya usiku hayako mita 200. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliingiza tatizo hilo katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Katika maeneo yetu nyoka wa kuogopwa sana na mtembea usiku ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Huyu hana desturi ya kukimbia mtu anapokaribia. Hulala kimya akitegemea rangi zake zifanane na majani makavu, na mtu humkanyaga. Mwale wa mita 400 haumsaidii anayekanyaga. Kinachomsaidia ni mwanga mpana, usio mkali sana, unaoonyesha hatua tatu zijazo pamoja na kingo za njia. Na tumeshaona kwamba lumeni 100 zilizotandazwa zinatosha: mita 3 mbele zinatoa luksi kama 6, zaidi ya mara 20 ya mwanga wa mwezi mpevu.

Ushahidi mwingine unatoka Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kijana wa Kimaasai, Richard Turere, ambaye habari zake zilienea duniani mwaka 2013, alikuwa akilinda ng'ombe wa familia dhidi ya simba. Alijaribu moto, haukusaidia; akajaribu sanamu ya kutisha, simba wakaizoea. Usiku mmoja alipokuwa akitembea kuzunguka zizi na tochi, simba hawakuja, naye akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua taa kutoka kwenye tochi mbovu, betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki, akazipanga taa kuzunguka boma ziwe zinamwekamweka kwa zamu. Ukiitazama kazi hiyo kwa makini, utaona kwamba hakutafuta mwale wa kumfikia simba kule porini. Alitandaza taa ndogo ndogo kuzunguka mahali palipo na mali, na taa hizo zilitokana na tochi zilizokwisha kuharibika.

Kuna pia suala la jicho lenyewe. Jicho linahitaji karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa sekunde chache unatosha kuifuta kazi hiyo. Anayetumia tochi ya kupiga mbali kutazamia miguu yake huunda doa jeupe mbele ya viatu, na kila kilicho nje ya doa hilo huwa cheusi kuliko kilivyokuwa kabla hajawasha. Huyo anaona kidogo kuliko mwenzake mwenye tochi hafifu ya mwanga mpana, ingawa ameshika tochi ya bei mara tano. Hapa kwetu karibu na ikweta usiku ni wa saa 12 mwaka mzima, hivyo tochi ya karibu ni ya kuwaka muda mrefu. Betri moja ya kuchaji aina ya 18650, ile yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, hubeba nishati ya wati-saa kama 11. Ukiigawa kwa usiku mzima unapata chini kidogo ya wati moja, ambayo kwa LED nzuri ni karibu lumeni 100. Hesabu inakubaliana na mahitaji. Ndiyo maana tochi ya karibu itafutwe ile yenye viwango kadhaa vya mwanga, na cha chini kiwe cha chini kweli. Rangi ya mwanga wake isiwe ya kibuluu. Mwanga mweupe wa kawaida unaoonyesha rangi kama zilivyo unamtofautisha nyoka na jani kwa urahisi zaidi.

Mahali pa kuibeba napo pana maana kubwa. Tochi ya kichwani inapendwa kwa kuwa inaacha mikono huru, na kwa kukamua ng'ombe, kumsaidia mbuzi anayezaa au kutengeneza uzio, hakuna inayoizidi. Lakini kwa kutembea ina kasoro. Mwanga unaotoka karibu kabisa na macho hauachi vivuli unavyoweza kuviona, na bila vivuli shimo na jiwe huonekana kama sehemu ya ardhi tambarare. Ishushe tochi hiyo hiyo hadi kiunoni, uifunge kwenye mkanda au uishike chini, na kila jiwe litatupa kivuli chake. Wadudu nao hawatakujaa usoni.

Tochi ya mbali inaanza kazi pale swali linapozuka: nini kile? Kazi yake ni ya sekunde tano, kumi, halafu inazimwa. Kiboko hutoka majini giza linapoingia na kwenda malishoni, na anayetembea kando ya mto au ziwa anapaswa kumjua akiwa bado mbali, kwa sababu kumkuta hatua kumi mbele, naye akitaka kurudi majini, ni kumkuta kwa kuchelewa. Kwa tembo ni vivyo hivyo. Kaskazini mwa Tanzania shirika la Honeyguide limewafunza wakulima kuwarudisha tembo porini hatua kwa hatua, na tochi kali ni miongoni mwa zana za mwanzo, kabla ya kufikia pilipili na fataki. Njia kama hiyo inamhitaji mkulima aanze akiwa mbali, na mwanga wa kuenea hauwezi kumfikishia ujumbe mnyama aliye ukingoni mwa shamba.

Ukichagua tochi hii usitazame lumeni kwanza. Tazama kandela au mita, kisha tazama mdomo wake. Kufika mbali kunategemea mambo mawili: jinsi uso wa LED unavyong'aa, na ukubwa wa kiakisi, lile bakuli linalometa ndani ya kichwa cha tochi. Kwa LED ile ile, kipenyo cha kiakisi kikiongezeka mara mbili, eneo lake linakuwa mara nne na umbali unakuwa mara mbili. Tochi nyembamba kama kidole inayojisifu kufika kilomita moja haina pa kuukusanyia mwanga wa kufika huko. Bakuli pana, lenye kina, laini ndani, na LED moja ndogo katikati: hilo ndilo umbo la tochi ya mbali. Ukiona LED nyingi zimepangwa kama punje za mahindi kwenye kichwa kimoja, jua hiyo ni ya kutandaza hata kama inaunguza mkono.

Nayo ina namna yake ya kushikwa, na namna hiyo ni kinyume cha ile ya karibu. Macho ya simba, fisi, mbuzi, mbwa na paka yana utando nyuma unaourudisha mwanga ulikotoka. Ukitaka kuuona mng'ao huo, chanzo cha mwanga kiwe karibu na macho yako, kwa hiyo inua tochi hadi shavuni. Ukiishusha kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni na wewe huuoni. Kukiwa na ukungu, vumbi au moshi, badilisha tena: iweke mbali na uso, mkono ukiwa umenyooka pembeni, la sivyo mwale utageuka ukuta mweupe mbele ya macho. Na kutoona macho kusikutulize. Binadamu hawana utando huo, nyani hawana, nguruwe hawana. Mwizi wa mifugo na mharibifu wa mihogo wote wanaweza kusimama mbele ya mwale bila kung'aa hata kidogo. Kwa upande mwingine, macho makubwa yanayowaka juu ya mwembe mara nyingi ni ya komba tu.

Wapo watakaosema kwamba jibu limekwisha kupatikana, nalo ni tochi ya kuvuta shingo, ambayo kichwa chake kikiwa ndani hutoa mwanga mpana na kikivutwa nje hutoa mwale. Ni kifaa chenye akili na ni rahisi, na kwa anayeweza kununua kimoja tu nisingemkataza. Ila itazame inavyofanya kazi. Lenzi inaposogea mbali na LED, inakamata sehemu ndogo zaidi ya mwanga. Unaobaki unaishia kwenye kuta za ndani na kugeuka joto. Kwa hiyo mwale wake unapatikana kwa kutupa mwanga badala ya kuukusanya. Na inaporudishwa ndani kutoa mwanga mpana, hutoa duara lenye kingo zilizokatwa kama kwa kisu, ambalo nje yake ni giza tupu, wakati kiakisi cha kawaida huzungushia kitovu chake ukungu wa mwanga hafifu unaoonyesha pembeni. Juu ya hayo, shingo inayosogea ni mlango wa maji na vumbi, na masika hayakosi mwaka. Zipo pia tochi za gharama zenye LED mbili za tabia tofauti katika mwili mmoja. Hizo zinajibu hoja ya mwanga vizuri. Hazijibu hoja ya betri moja, swichi moja na mkono mmoja. Ikianguka mtoni, umepoteza karibu na mbali kwa mpigo, na ukiwa na wenzako huwezi kuigawa.

Wengine watasema simu inatosha kwa karibu, hivyo fedha zote ziende kwenye ya mbali. Taa ya simu kweli hutandaza, na kwa kutafuta ufunguo mlangoni haina ubaya. Lakini simu ndiyo utakayoitia msaada, na kuimaliza chaji kwa kumulika njia ni kujinyima sauti saa inapohitajika. Haishikiki vizuri kwa mkono wenye jasho au mvua, na ikianguka juu ya jiwe hasara yake inazidi bei ya tochi tatu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la fedha, na linastahili jibu la hesabu. Sehemu kubwa ya bei ya tochi zinazojinadi kuwa kali hulipia namba zisizo za kweli. Tochi ya betri moja ya 18650 iliyoandikwa lumeni 10,000 ingehitaji kama wati 67 hadi 100, kwa kuwa LED nyeupe za leo hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa wati. Betri yenye wati-saa 11 ingekwisha ndani ya dakika saba hadi kumi kama ingeweza kutoa umeme huo, na mwili mdogo wa tochi ungekuwa moto usioshikika. Betri nazo zina uongo wake: 18650 bora zilizopo hubeba mAh 3,500 au zaidi kidogo, kwa hiyo ile iliyoandikwa 9,900 imeandikwa na asiyeogopa kukamatwa. Hata saa za kuwaka zina mtego. Kwa kiwango cha FL1, muda huhesabiwa hadi mwanga ubaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, hivyo saa 20 za boksini zinaweza kuwa saa moja ya mwanga na 19 za mabaki. Dukani, iwashe kwa nguvu zote dakika tatu, ushike kichwa chake usikie joto, utazame kama inafifia, halafu uimulike ukutani ukiwa mita mbili uone kama kitovu chake ni kidogo na kikali au ni duara pana lisilo na madoa. Mnunuzi asiyelipia namba za uongo mara nyingi hubakiwa na fedha za tochi ya pili.

Kwa kikundi cha lindo gharama inashuka zaidi. Watu watano hawahitaji tochi tano za kupiga mbali. Wakiwa nazo wataishia kupofushana, na dereva wa bodaboda anayepita barabarani atapofushwa pamoja nao. Inatosha tochi ya karibu kwa kila mtu, na moja ya mbali kwa anayekaa dunguni au anayetangulia doria. Zote zitumie betri ya aina moja, ili ya mbali, ambayo huwashwa kwa nadra, iweze kuiazima betri yake kwa ya karibu alfajiri. Betri zitiwe alama za rangi, za zamani zisichanganywe na mpya ndani ya tochi moja, na zile zilizovimba au zilizochubuka gamba zitolewe kabisa. Fedha zikibaki baada ya hapo, zinunue betri za akiba na chaja nzuri kabla ya kufikiria tochi ya pili ya mbali, kwa kuwa zinazowaka usiku kucha ni zile tano za miguuni.